Tovuti Haifunguki Kompyutani: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Ruta

"Mtandao umekufa." Ndiyo kauli ya kwanza kwa karibu kila anayeomba msaada, na mara nyingi mtandao uko hai kabisa. Kilichogoma ni kitu kimoja tu kati ya vitano: kompyuta yenyewe, ruta, laini ya mtoa huduma, huduma inayotafuta majina ya tovuti, au seva (kompyuta inayohifadhi) ya tovuti unayoitaka. Ukishajua ni kipi, dawa huwa fupi. Usipojua, utazima na kuwasha, utafuta na kusakinisha upya, na mwisho utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kwa hiyo jibu kwanza maswali mawili. Ni tovuti moja inayogoma au zote? Ni kompyuta hii peke yake au kila kifaa kilichomo nyumbani?

Swali la pili lina mtego. Mtu anasema, "Kwenye simu inafunguka," kumbe simu inatumia data yake yenyewe. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye data kimyakimya, bila kukuuliza. Zima data ya simu, hakikisha alama ya waifai ipo juu ya skrini, ndipo ufungue tovuti ileile. Ikigoma na hapo, iache kompyuta yako kwa amani. Tatizo liko kwenye ruta, kwenye laini, au kwa wenye tovuti.

Halafu soma kilichoandikwa kwenye skrini. Vivinjari vya Chrome na Edge huweka msimbo wa herufi kubwa chini ya maelezo, kwa mfano DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_CONNECTION_TIMED_OUT. Uandike au upige picha, maana msimbo huo ni nusu ya jibu. Na unapoanza kurekebisha, badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha ndipo uende kwenye kingine. Anayebadilisha vitu vinne kwa mpigo hajui kilichomponya, na kesho tatizo likirudi anaanza upya.

Hakuna tovuti hata moja inayofunguka

Anza na yanayoonekana kwa macho. Waifai ya kompyuta imezimwa, hali ya ndege imewashwa kwa bahati mbaya kupitia kitufe cha kibodi, waya wa mtandao umelegea nyuma ya mashine, kompyuta imejiunga na waifai ya jirani yenye ishara hafifu, au bando limekwisha. Hili la bando hudharauliwa sana. Muda ukiisha, si kila mtoa huduma atakuonyesha ukurasa wa kukutaarifu; mara nyingi tovuti zinagoma tu, na waifai inaendelea kuonyesha mistari yote kana kwamba mambo ni shwari. Mistari ile hupima nguvu ya ishara kati yako na ruta. Haisemi lolote kuhusu kilichoko nyuma ya ruta.

Kisha itazame ruta. Taa ya umeme ikiwaka lakini ya intaneti imezimika au ni nyekundu, basi ruta haipati kitu kutoka nje. Ichomoe kwenye umeme, subiri nusu dakika, ichomeke, kisha iache dakika mbili tatu ijipange. Kama modemu (kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma) na ruta ni vifaa viwili tofauti, washa modemu kwanza, taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta.

Tahadhari: kuzima na kuwasha si sawa na kubonyeza kile kitufe kilichojificha ndani ya tundu dogo la ruta. Kile hufuta mipangilio yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Baadhi ya laini huhitaji jina la mtumiaji na nenosiri la mtoa huduma ndani ya ruta. Ukivifuta bila kuwa navyo pembeni, intaneti ya nyumba nzima itakatika hadi mtoa huduma akupe tena. Kitundu hicho usikiguse isipokuwa umeambiwa na anayejua laini yako.

Vifaa vingine vikiwa sawa na kompyuta peke yake imegoma, fungua dirisha la amri (kwenye Windows andika cmd katika sehemu ya kutafuta) na uandike ipconfig. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4, yaani namba ya kompyuta yako kwenye mtandao. Mitandao mingi ya nyumbani hutoa anwani inayoanza na 192.168 au 10. Ukiona 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kutoka kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa anwani hiyo haitatoka nje ya nyumba. Tenganisha waifai na uunganishe tena, au iambie kompyuta iusahau mtandao huo kisha uingize nenosiri upya. Ikikataa, washa kompyuta upya.

Baada ya hapo andika ping 1.1.1.1, amri inayoiuliza seva moja ya intaneti kama inakusikia. Ukipata majibu yenye muda wa milisekunde, intaneti inafika kwako, na kinachogoma ni majina. Nenda sehemu inayofuata. Usipopata jibu lolote ilhali anwani ni nzuri, angalia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Nyingi zina kinga inayofunga intaneti yote VPN inapokatika, na kinga hiyo inaweza kubaki imefunga hata programu ikianguka. Fungua programu ya VPN, uikate vizuri, au uzime kinga hiyo kwenye mipangilio yake. Angalia pia mipangilio ya proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako) katika sehemu ya mtandao ya Windows: kama hukuweka proksi wewe wala mwajiri wako, lazima iwe imezimwa. Proksi usiyoijua iliyojiwasha ni dalili ya programu mbaya, na nitalirudia hilo.

Vyote vikishindikana kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika netsh winsock reset, kisha washa kompyuta upya. Amri hii husafisha mabaki ya programu zilizojipachika kwenye njia ya mtandao, hasa VPN na antivairasi zilizoondolewa nusunusu. Uwe tayari kwamba VPN unayoitumia inaweza kuhitaji kusakinishwa tena.

Ujumbe unasema jina halikupatikana

Hapa utaona DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, ERR_NAME_NOT_RESOLVED, au Firefox ikisema haiwezi kuipata tovuti hiyo. Kompyuta haijui tovuti kwa majina. Inazijua kwa namba. Huduma ya DNS ndiyo inayopokea jina na kurudisha namba, na ikikosea, tovuti nzima huonekana kama haipo.

Chanzo cha kwanza ni cha aibu kidogo: jina limeandikwa vibaya. Herufi imerukwa, nukta imekuwa mkato, au mwisho wa anwani si ule. Sisemi hivi kwa kejeli. Msimbo wa NXDOMAIN maana yake halisi ni kwamba seva ya majina ilijibu, na jibu lake ni kuwa jina hilo halipo kabisa. Andika jina upya kwa mkono badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa.

Kama jina ni sahihi, safisha kumbukumbu ya majina. Kwenye Windows amri ni ipconfig /flushdns. Kwenye Mac ni sudo dscacheutil -flushcache, ikifuatiwa na sudo killall -HUP mDNSResponder. Linux nyingi za sasa hutumia resolvectl flush-caches. Funga kivinjari chote, kifungue, ujaribu.

Bado? Linganisha seva mbili za majina. Andika nslookup example.com, ukiweka jina la tovuti yako badala ya example.com, kisha nslookup example.com 1.1.1.1. Amri ya kwanza inauliza seva unayoitumia sasa, ya pili inauliza seva ya Cloudflare. Ya kwanza ikishindwa na ya pili ikaleta namba, mwenye kosa ni DNS ya ruta au ya mtoa huduma. Badilisha seva ya majina kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta: 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyozinduliwa 2018, 8.8.8.8 ya Google, iliyopo tangu 2009, au 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo pia huzuia majina yanayojulikana kuwa hatari. Andika pembeni mipangilio ya zamani kabla ya kuibadilisha. Kompyuta ikiwa ni ya ofisi, usiiguse. Majina ya ndani ya ofisi hupatikana kwa DNS yao tu.

Zote mbili zikishindwa, huenda wenye tovuti hawakulipia jina lao, au DNS yao imeanguka. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kwa takribani saa sita, kwa sababu mabadiliko ya mipangilio ndani ya kampuni yalizifanya seva zake za DNS zisifikike. Siku kama ile hata ungezima ruta mara mia, usingeambulia kitu.

Tovuti zote zinafunguka isipokuwa moja

Huenda tovuti imeanguka yenyewe, na hilo ndilo la kuthibitisha kwanza. Ifungue kwa data ya simu, waifai ikiwa imezimwa. Ikigoma na huko, funga kompyuta ukafanye shughuli nyingine.

Ikifunguka huko, jaribu dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Dirisha hilo halitumii vidakuzi vya zamani (data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari), na kwa kawaida viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi ndani yake. Tovuti ikifunguka hapo, tatizo ni moja ya hayo mawili. Futa vidakuzi na data ya tovuti hiyo moja, si vya kivinjari kizima, la sivyo utatolewa kwenye akaunti zako zote. Kisha zima viendelezi kimoja kimoja, ukianza na vya kuzuia matangazo.

Ujumbe wa ERR_TOO_MANY_REDIRECTS nao huponywa hivyohivyo: tovuti inakurusha huku na kule kwa sababu ya kidakuzi kilichochakaa. Ukiendelea kuja hata kwenye dirisha la faragha, kosa ni la wenye tovuti.

Kikishindikana kivinjari kimoja, jaribu kingine. Kisha VPN: kuna tovuti zinazokataa anwani za VPN, na kuna zinazofunguka kwa VPN tu kwa kuwa zimezuiwa kwenye mtandao wako. Antivairasi yenye ulinzi wa wavuti inaweza kuizuia pia. Soma orodha yake ya vilivyozuiwa badala ya kuizima.

Chanzo adimu lakini kinachosumbua watu wiki nzima ni faili la hosts. Kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Kwenye Mac na Linux ni /etc/hosts. Faili hili husomwa kabla ya DNS kuulizwa. Lifungue kwa Notepad. Kwenye Windows ambayo haijaguswa, kila mstari wenye maandishi huanza na alama ya #. Ukikuta mstari kama 127.0.0.1 www.example.com wenye jina la tovuti yako, umempata mchawi: kompyuta inaambiwa kwamba tovuti hiyo iko ndani yake yenyewe, inajigongea mlango na hakuna anayefungua. Mistari hii huwekwa na programu zilizovunjwa kufuli, na wakati mwingine na virusi vinavyotaka kukuzuia kufika kwenye tovuti za antivairasi. Ondoa mstari huo tu, ukiwa umefungua Notepad kama msimamizi. Kwenye Mac na Linux iache mistari ya localhost (jina la kompyuta yenyewe) ilivyo.

Onyo kwamba muunganisho si salama

Usikimbilie kubofya "endelea hata hivyo". Kwanza tazama saa ya kompyuta, na siyo saa na dakika tu; tazama mwaka.

Kila tovuti salama ina cheti, uthibitisho wa kidijitali wa utambulisho wake, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa viliacha kukubali cheti kipya cha tovuti ya umma chenye uhai wa zaidi ya siku 398, na vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90. Kwa hiyo kompyuta inayodhani ni miaka mitano iliyopita inaviona karibu vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza kutumika, na inakataa kila tovuti. Msimbo huwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, au Chrome inakwambia wazi kuwa saa yako iko nyuma. Rekebisha tarehe, washa upangaji wa saa wa moja kwa moja, na hakikisha ukanda wa saa ni wako.

Saa ikirudi nyuma kila mara unapochomoa kompyuta ya mezani, betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu imechoka. Nyingi ni za aina ya CR2032, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kufungua mashine. Zima kabisa na uchomoe umeme kwanza. Kama ni kompyuta mpakato na hujawahi kuifungua, mpe fundi.

Saa ikiwa sahihi na onyo linatokea kwenye tovuti nyingi, sababu inayofuata ni mfumo uliozeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu cha DST Root CA X3, ambacho vyeti vya tovuti nyingi vilikitegemea, kiliisha muda, na vifaa vya zamani visivyopata masasisho vikaanza kukataa tovuti nyingi zilizokuwa salama kabisa. Chrome nayo iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 baada ya toleo la 109, mapema 2023. Kwenye mashine ya namna hiyo hakuna hila ya kudumu; ni kusasisha mfumo, au kuweka mfumo mwingine unaopata masasisho.

Onyo likiwa kwenye tovuti moja tu, huenda wenyewe wamesahau kuhuisha cheti. Subiri. Lakini ikiwa ni benki, barua pepe au mahali popote unapoweka nenosiri, simama hapo hapo. Usipite kwa njia yoyote. Wasiliana na benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, siyo kwa namba iliyoandikwa kwenye ukurasa huo.

Inaleta namba: 403, 404, 500 na ndugu zake

Namba ni habari njema kwa upande wako: kwa kawaida maana yake umeifikia seva na imekujibu. 404 ni ukurasa usiokuwepo. Rudi mwanzo wa tovuti uutafute upya. 403 ni umekatazwa kuingia. Zima VPN, kisha ingia kwenye akaunti yako upya. 429 ni umeomba mara nyingi mno, na kadiri unavyobofya kufungua upya ndivyo unavyojichelewesha. 500, 502, 503 na 504 ni matatizo ya seva au ya vilivyo mbele yake. Hakuna kitu nyumbani kwako cha kurekebisha. Acha ruta ipumzike.

Inazunguka tu, au inafunguka nusunusu

Ukiona kila kitu ni kizito, kwanza tafuta anayekula kasi: kompyuta inayoshusha masasisho, runinga inayoonyesha filamu, simu inayopakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha sogea karibu na ruta, au tumia waya. Tofauti ikiwa kubwa kwa waya, shida ni ya waifai. Masafa ya GHz 2.4 hufika mbali lakini hujaa kelele za majirani. Ya GHz 5 yana kasi zaidi lakini hudhoofishwa haraka na kuta.

Ukurasa ukija bila picha, au maandishi yamepangwa ovyo upande mmoja, bonyeza Ctrl+F5 ili kivinjari kisitumie kache, yaani nakala za zamani kilizohifadhi. Kisha zima kizuia matangazo kwa tovuti hiyo.

Kuna dalili moja ya ajabu: baadhi ya tovuti zinafunguka haraka, nyingine zinakwama palepale kila siku, kwenye vifaa vyote, na kwa data ya simu zinafunguka. Ukiona hivyo, uliza kuhusu ukubwa wa pakiti, yaani vifurushi vidogo ambamo data husafirishwa. Mitandao ya kawaida hubeba baiti 1500 kwa pakiti, lakini laini za PPPoE (aina ya muunganisho ambao ruta huingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri) kwa kawaida hubeba 1492, na ruta isiyopangwa vizuri hutuma pakiti kubwa zinazopotea njiani bila taarifa. Mpangilio huo unaitwa MTU. Mpigie mtoa huduma, mwambie dalili hii kwa maneno hayohayo, na umwachie abadilishe.

Unapelekwa kwingine usikotaka

Ukiandika anwani sahihi na ukaishia kwenye tovuti ya kamari, matangazo, au ukurasa unaopiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi na upige namba fulani, usipige. Ukurasa wa tovuti hauwezi kujua kama una virusi. Ukikataa kufungika, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, funga kivinjari kutoka kwenye orodha, na ukikifungua tena usirejeshe kurasa za mwanzo. Ondoa viendelezi usivyovijua, kagua proksi na faili la hosts, kisha fanya uchunguzi kamili kwa antivairasi.

Ikitokea kwenye vifaa vyote vya nyumbani, huenda kuna aliyebadilisha DNS ndani ya ruta, na hilo huwezekana hasa kwa ruta ambazo nenosiri lake la usimamizi ni lile la kiwandani.

Acha, ita mwenye kazi yake

Ruta au chaja yake inanuka kuungua, ni ya moto kupita kiasi, au imepigwa na radi: zima umeme ukutani kwanza, usiiwashe tena kujaribu. Kebo ya nje imekatika au inaning'inia kwenye nguzo: usiishike, mpigie mtoa huduma. Proksi au mistari ya hosts inarudi kila baada ya kuifuta: kuna programu mbaya inayoirudisha, kwa hiyo usiingie benki kwa kompyuta hiyo, badilisha manenosiri yako ukitumia kifaa kingine, na mpelekee fundi mashine. Na yeyote aliyekupigia wewe, hukumpigia yeye, akidai ni wa kitengo cha ufundi na anataka kuidhibiti kompyuta yako kutoka mbali, mkatie simu.

Unapompigia fundi au mtoa huduma, uwe na haya mkononi: msimbo uliouona, saa tatizo lilipoanza, kama ni tovuti moja au zote, kama ni kifaa kimoja au vyote, jibu la ping 1.1.1.1, na rangi ya taa za ruta. Mwambie pia ulichokwisha kubadilisha, hata kama kilionekana hakijasaidia.